Mtoto wa Mfalme na Mfupa wa Mbuzi

Lahore, 12 Novemba 1966

Kwako Shangazi Mahgonj,

Salamu hizi zimepanda treni mchana na usiku kutoka Lahore mpaka Karachi, kwa hiyo zipe kwanza chai ya maziwa ndipo uzihoji. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, chakula napata, na sala sijaiacha. Nakujibu mapema kwa sababu najua ndilo swali lako la pili baada ya chakula. Huku baridi imeanza. Watu wa Lahore wanakula kama watu wanaoaga, na mimi najikaza nisiwaaibishe wenyeji wangu. Nisalimie Lyari yote, na Hani anayekusomea barua hii mwambie asome nilichoandika, asitie chumvi yake.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi ya sinema! Si ile ya kubeba mbao za jukwaa kama mwanzo. Wamekuja Waingereza na kamera zao, wanatengeneza filamu ya Afrika, na kwa kuwa Afrika ni mbali na ni ghali, wameamua Afrika iwe kwenye ule msitu wa serikali nje ya mji. Wakatafuta watu weusi. Wakaambiwa Masheedi, sisi ambao mababu zetu walitoka Afrika, wako Karachi, wako wa kumwaga. Basi tumeletwa wengi, na Dadu mwana wa seremala yumo. Wenzangu ni watu wa kundi tu. Mimi, mwongozaji wao Bwana Pelham alinitazama toka juu mpaka chini, akanifanya mtoto wa mfalme.

Nguo zangu ni za kifalme, ila nyepesi kidogo. Taji lina manyoya. Zaidi ya hapo sisemi, utaona mwenyewe filamu ikifika.

Kuhusu mela, sherehe ya walii wetu, usiwe na wasiwasi. Nitakuwa nyumbani kabla ya mvua, na nyama ya kumlisha mamba wetu Mor nitaishika kwa mkono wangu, kama Baba alivyokuwa akiishika.

Mwanao,
Kambar


Lyari, Karachi, 4 Desemba 1966

Mwanangu Kambar,

Barua yako nimeipokea, nimeibusu, Hani ameisoma, kisha nimemwamuru aisome tena bila kucheka. Sisi wazima. Goti langu ni lile lile. Mbuzi mwekundu amezaa pacha. Timu ya mtaa wetu imewafunga wale wa ng'ambo ya barabara, na mpaka leo vijana hawalali wala hawatuachi tulale.

Habari yako imenifurahisha mpaka nikatoka nje bila viatu. Nimemwambia mwuza samaki, nimemwambia fundi cherehani, nimemwambia mke wa imamu, naye amewaambia waliobaki. Mtu wetu kwenye sinema ya Wazungu, tena mtoto wa mfalme! Miaka yote vijana wanarudi sinema na kunihadithia: mweusi ndiye aliyefungua mlango, mweusi ndiye aliyebeba sanduku, mweusi ameona kivuli chake mwenyewe akakimbia, macho yamemtoka. Nikawa najiuliza, hawa watu wa filamu hawana jirani mweusi hata mmoja wa kumwuliza tunavyoishi? Afadhali sasa wamekuuliza wewe.

Lakini nina maswali. Huyo mfalme baba yako anaitwa nani? Nchi yenu inalima nini? Una mke? Na ni mfalme gani anamwacha mwanawe avae nguo nyepesi kwenye baridi ya Lahore, na kifua chake kinajulikana? Nijibu yote.

Kuhusu Mor, sikiliza vizuri. Tangu kaka yangu, baba yako, atutoke baada ya mela iliyopita, mkono wa nyumba yetu ni wako peke yako. Yule mamba mzee kwenye bwawa la walii alipokea nyama ya nyumba hii kwa babu yako, kisha kwa baba yako. Akifungua kinywa, mtaa mzima unatembea kifua mbele mpaka mwaka ugeuke. Akikataa, unajua. Usinichezee hapo, Kambar.

Shangazi yako,
Mahgonj

Na mimi Hani natia chumvi yangu kwa makusudi: mtaani sasa unaitwa Mwana wa Mfalme. Watoto wa mpira wamekutungia wimbo. Jiandae, binamu, maana hujawahi kusema uongo ukafika nao mbali.


Lahore, 22 Januari 1967

Shangazi mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na goti lako nalisalimu peke yake. Hongera kwa pacha wa mbuzi. Hani mwambie nimesoma chumvi yake na nimekunywa maji.

Maswali yako kuhusu ufalme nimeyapeleka kwa Bwana Pelham. Ana kazi nyingi. Acha nikuhadithie mengine, maana tangu nizaliwe sijacheka hivi.

Siku ya kwanza walitupanga mstari juani, Bwana Pelham akapita akitutazama, akamnong'oneza mkalimani. Mkalimani akaja anaona haya: "Ndugu zangu, bwana anasema hamjawa weusi vya kutosha." Shangazi! Dadu akamwambia, "Mwambie bibi yangu hayo, atataka umwoe." Basi wakatupaka masizi na mafuta. Na kwa kuwa bado idadi haikutosha, wakaleta wapiganaji wa mieleka wa hapa Punjab, nao wakapakwa. Ikifika saa ya chakula jasho limewatoka, mistari myeupe inashuka mashavuni, wanaonekana kama ukuta uliovujiwa na mvua. Mchana tulicheza mpira, Lyari dhidi ya mieleka, wote tumevaa majani. Tuliwafunga mpaka wakaomba mapumziko. Bwana Pelham alishangaa kwamba tunajua mpira. Alishangaa pia kwamba tunakunywa chai, na kwamba tulisimamisha kazi tukaswali. Nadhani alitarajia tutakula nyasi.

Sasa ngoja nikuambie siku ya mamba. Walikodi mamba kwenye sarakasi. Mpango ulikuwa sisi tumchome mikuki huku tunapiga kelele, halafu tumtupie bibi mmoja mweupe aliyefungwa kamba. Kamera zikaanza. Mamba akashushwa. Mzee kabisa, mgongo umeota ukungu, kope nzito, Mor mtupu! Kundi zima la Lyari likashusha mikuki. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja akavua manyoya kichwani, wa pili akavua, Dadu akatafuta kitambaa afunike kichwa, akakosa, akachukua kitambaa cha meza ya chai ya Bwana Pelham. Tukainama tukamwamkia. Mimi nikachukua shada la maua ambalo mwongozaji alivishwa asubuhi na wenyeji, nikamvisha mamba. Wenye sarakasi walikuwa wamelalamika kwamba tangu afike Lahore hajagusa chakula. Nikashika pande la nyama. Shangazi, akafungua kinywa. Akapokea mkononi mwangu, taratibu, kama Mor anavyopokea nyumbani.

Nililia na masizi yangu. Yule bibi mweupe kwenye kamba alikuwa anacheka mpaka kamba zikalegea. Bwana Pelham alirusha kofia chini, akaiokota, akairusha tena. Kisha akatulia, akasema, vizuri, basi mamba ndiye mungu wao, tuendelee hivyo hivyo, na mtoto wa mfalme aseme maneno mbele yake. Nikauliza, maneno gani? Mkalimani akajibu, "Anasema yoyote. Lugha yoyote ya porini, hakuna atakayeelewa."

Nikasema kwa Kibaluchi chetu. Nilichosema siwezi kukiandika hapa.

Mwanao mwenye furaha,
Kambar


Lyari, 18 Februari 1967

Mwanangu Kambar,

Salamu za nyumba nzima. Goti langu limepokea salamu zake peke yake na linajiona sana. Pacha mmoja wa mbuzi tumempa mke wa imamu, wa pili namtunza kwa ajili ya mela, anakula kuliko Hani.

Habari ya yule mamba imesomwa hapa mpaka karatasi imelegea. Wazee wamekuja kuisikiliza. Alipofungua kinywa, mwuza samaki alipiga takbiri. Mimi nimefurahi, mwanangu, nimefurahi sana, maana sasa najua mkono wako una baraka ya baba yako. Ila mwambie Bwana Pelham kwamba hatuna mungu mamba. Mungu ni mmoja. Mor ni mgeni wa walii, na mgeni hupewa nyama. Hata Waingereza wana wageni.

Dadu amerudi. Alikuja hapa, akala sana, akasema kidogo. Alipoinuka kuwaonyesha watoto jinsi mlivyokuwa mkicheza kule msituni, Hani alimkanyaga mguu, akaketi. Mimi sikuuliza kitu. Yapo mambo ya mtu kusema kwa kinywa chake.

Nakutumia kanzu niliyoshona mwenyewe. Ni ndefu, ina mikono, kola nimeitarizi kwa uzi mwekundu. Mtoto wa mfalme yeyote ataivaa bila kuona haya.

Mela ni mwezi wa sita. Nakusubiri.

Shangazi


Lyari, 9 Julai 1967

Kambar,

Sisi ni wazima. Natumaini nawe ni mzima, ingawa miezi inapita na mwenye posta ameanza kukwepa mlango wetu.

Mela imepita. Ngoma zilipigwa, wanawake tulipagawa mpaka tukaanguka, watu walitoka Hyderabad na Lasbela, halua ilitosha na ikabaki. Mor alipakwa rangi nyekundu, akamwagiwa maua ya waridi. Nyama ya nyumba yetu aliishika binamu wa baba yako, kwa kuwa wewe hukutokea. Mor alimtazama. Akafunga macho. Akatupa kisogo, mwanangu, mbele ya watu wote, akaingia majini na mkia wake.

Hakuna aliyetutukana. Ndilo lililoniuma. Watu walinishika mkono kama wanaonipa pole ya msiba. Watoto wa mpira hawaimbi tena ule wimbo wako.

Sikulaumu. Nataka tu kujua kilichokuzuia.

Shangazi


Lahore, 25 Novemba 1967

Shangazi yangu,

Nisamehe kimya. Kanzu ilifika, inanitosha mabegani kana kwamba ulinipima jana. Sijaivaa bado. Naiweka kwa siku nzuri. Nawasalimu wote, na mbuzi aliyelishwa kwa ajili yangu namwomba radhi, huko aliko.

Sikuja kwa sababu treni zilikuwa zimejaa.

Kazi zimekuwa nyingi. Wale Waingereza wameondoka, lakini watengenezaji wa hapa wameniona, na kila anayehitaji mtu mweusi ananiita. Nimekuwa jini wa kwenye chupa. Nimekuwa mlinzi wa mlango wa sultani, nimesimama na upanga siku nzima na mgongo ukakakamaa. Nimekuwa mwizi anayeingia dirishani, mtoto akapiga ukelele kabla sijafanya lolote. Nimekufa kwa risasi, nimekufa kwa radi, juzi niliuawa na shujaa mnene ambaye nyumbani kwetu asingeweza kumkamata kuku. Wenzangu wananitania kwamba nimezoea kaburi. Nacheka nao, na siwadanganyi, kuna siku kazi hii ni raha tupu.

Lakini kuna kitu kinanikaa moyoni. Katika watu wote hao niliokuwa, hakuna hata mmoja aliyepewa jina. Hawana shangazi, hawana mtaa, hakuna anayewangoja chakula kikipoa. Kwenye karatasi zao mimi ni Mweusi wa Kwanza. Siku nyingine Mweusi wa Tatu, nadhani siku hizo nimeshushwa cheo.

Nina neno la kukuambia na mkono unakataa kuliandika. Nilikwisha kulisema mara moja, mahali pengine, mbele ya kamera ya watu wasionielewa, na lilikuwa rahisi kwa sababu hiyo. Ile filamu ya msituni inakuja Karachi mwakani. Tafadhali usiende kuiona. Au nenda. Sijui nikuombe lipi.

Kambar


Lyari, 14 Aprili 1968

Mwanangu Kambar, pumzi yangu, mjinga wangu,

Salamu baadaye. Nimekwenda.

Mimi ambaye sijawahi kuingia sinema toka niumbwe, niliwakusanya wanawake wa mtaa, tukajaa ghorofa ya akina mama mpaka wengine wakakaa ngazini. Chini walikuwa wanaume wote, na watoto wa mpira mbele kabisa. Mwenye sinema alidhani kuna fujo, akaita askari. Askari naye ni wa Lyari, akakata tiketi.

Taa zikazimwa. Kwanza akaja mzungu mmoja mwenye bunduki, akazungumza muda mrefu na yule bibi. Sisi tukawa tunakula njugu. Kisha majani yakatikisika na mkatokea nyinyi. Ukumbi mzima ukashangilia: "Yule Dadu! Yule wa duka la baiskeli! Mtazame na jungu kichwani!" Mlikuwa mnapaswa kutisha. Mzungu anatetemeka, bibi anazimia, na Lyari yote inawapungia mikono. Sijui kama pale London walicheka hivyo.

Halafu ukaja wewe. Umevaa majani na manyoya, na puani mfupa. Wanawake wakanigeukia mimi. Ni kweli niliinamisha kichwa, siwezi kukuficha. Nikasema moyoni, basi ufalme wenyewe ndio huu. Dadu alikuwa amenionyesha kila kitu siku ile aliyokuja kula, Hani alichelewa kumkanyaga mguu. Lakini kusikia ni kitu kimoja na kuona ni kingine.

Ukasimama mbele ya yule mamba mzee. Akafungua kinywa, akapokea. Kisha ukasema. Hani alikuwa ananisomea maandishi ya chini ya picha, na hapo yaliandikwa hivi: "Ee mungu wetu mwenye njaa, tunakuletea mwanamke mweupe!" Na kinywa chako, kwa Kibaluchi kisafi cha mtaa wetu, kikasema: "Shangazi Mahgonj, ni mimi, Kambar mwana wa Shambe. Usitishwe na mfupa, ni wa mbuzi, wameuosha. Nilikudanganya, mimi si mtoto wa mfalme wa mtu yeyote. Naona haya kurudi. Nikija hivi nilivyo, Mor atapokea mkononi mwangu kama alivyopokea huyu?"

Kambar, hujasikia kicheko kama kile. Watu walianguka kwenye viti. Mwuza samaki alipiga ukuta kwa kiganja mpaka chokaa ikadondoka. Walikuwa wanacheka yale maandishi, wanamcheka Bwana Pelham, wanakucheka na wewe, na wanalia. Mke wa imamu alikuwa amenishika shingo, machozi yake yanaingia kwenye shela langu. Wametengeneza sinema ngapi za kutufanya tusiwe na majina, na wewe umesimama katikati ya sinema yao ukataja la kwako, la baba yako na langu, na wao wenyewe wakaisafirisha dunia nzima wasijue wamebeba nini!

Mimi nikasimama. Uliuliza swali, na mtu akiulizwa hujibu. Nikapaza sauti: "Atapokea, mwanangu! Njoo nyumbani!" Picha ikaendelea, mzungu akapiga bunduki, wewe ukafa. Nilikasirika sana. Askari akaniomba niketi.

Kesho yake nikarudi, nikajibu tena, nikihofia kwamba mara ya kwanza hukunisikia kwa zile kelele. Siku ya tatu sikuwahi hata kusimama, ukumbi mzima uliwahi kujibu kabla yangu, wanaume chini na wanawake juu: "Atapokea! Njoo nyumbani!" Mwenye sinema ameongeza wiki. Watoto wa mpira wameanza tena ule wimbo, na wameweka mfupa ndani yake.

Hani ananihakikishia kwamba mle ndani ya pazia husikii. Mimi siku moja niliona kama umetulia unanisikiliza, lakini yeye amesoma, nisibishane naye. Kwa hiyo nakujibu na hapa kwenye karatasi. Atapokea. Na hata akikataa, hata akitupa kisogo mpaka mwisho wa dunia, wewe njoo, nina samaki na nina wali, na mahali pako pa kulala hapajalaliwa na mtu. Njoo na ile kanzu. Mfupa waachie wenyewe.

Shangazi yako uliyemtaja,
Mahgonj

Mimi Hani naongeza: mela ni mwezi wa sita. Jana nilikwenda stesheni mwenyewe kuuliza. Treni hazijajaa.